Vita Vilipokwisha Walikwenda Wapi?

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Siku moja nilikuwa nimesimama katikati ya jiji la Dar es Salaam, karibu na ile sanamu ya Askari, namngoja mtu tuliyeahidiana. Jua lilikuwa kali. Kijana mmoja muuza maji akasogea, akaniamkia, "Shikamoo mzee." Nikamwitikia, nikanunua maji yake. Kisha akaelekeza kidole kwenye sanamu akauliza: "Hivi mzee, huyu askari alikuwa nani?"

Nikamweleza kwamba huyo si mtu mmoja. Sanamu hiyo iliwekwa na Waingereza mwaka 1927 kuwa kumbukumbu ya askari wa Kiafrika waliopigana upande wao katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo kwa vichwa vyao. Nikamwambia pia kwamba hapo kabla yake palikuwa na sanamu nyingine, ya Mjerumani Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa walipouteka mji mwaka 1916.

Yule kijana akatikisa kichwa, akafikiri kidogo, kisha akauliza swali la pili: "Sasa vita vilipokwisha, hawa askari walikwenda wapi?"

Wasikilizaji, swali lile lilinishinda papo hapo. Sote tunaona askari anavyochongwa: bunduki mkononi, singe mbele, mguu mmoja unatangulia. Hakuna mchongaji anayemchonga askari akiwa amekaa kwenye kiti cha mbao usiku, taa ya mafuta mbele yake, anaandika kumbukumbu za mkutano. Hakuna anayemchonga akipita nyumba kwa nyumba kukusanya ada ya chama. Lakini wako askari ambao kazi yao kubwa ilianza siku walipoweka bunduki chini. Leo nataka niwasimulie habari za mmoja wao, mtu wa mji huu huu wa Dar es Salaam. Jina lake ni Kleist Sykes.

Kleist alizaliwa mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, hakuwa mzaliwa wa nchi hii. Alikuwa Mzulu kutoka sehemu za Inhambane, Msumbiji, nchi iliyokuwa chini ya Wareno. Aliingia huku katika jeshi la yule yule Wissmann, aliyekuja mwaka 1889 na askari wa kukodi, Wasudani na Wazulu, ili kumpiga Abushiri bin Salim aliyekuwa akiwaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Baadaye Wajerumani wakageukia bara, kwa Mkwawa wa Wahehe. Katika safari ya kurudi kutoka vita hivyo, mzee Mbuwane alikufa maji katika mto Ruaha. Mtoto wake akalelewa na Mzulu mwenzake, askari mkubwa aliyejulikana kwa jina la Effendi Plantan.

Nasema haya wazi bila kuyafunika. Baba wa mtu huyu alikuja nchini na bunduki ya mkoloni, kuwapiga babu zetu. Mtu angeweza kusema kwamba kutoka katika nyumba ya namna hiyo hakuwezi kutoka jambo jema kwa wananchi. Lakini wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo, na mtoto hachagui mlango wa kuingilia duniani. Anachoweza kuchagua ni namna atakavyoishi na majirani aliowakuta.

Kleist alipata elimu ya Wajerumani, akajua kusoma, kuandika na lugha yao. Vita vilipozuka mwaka 1914 alikuwa kijana wa miaka 20, na akapigana chini ya Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck. Vita vile, wasikilizaji, vilikuwa vya kutembea. Majeshi yalifukuzana kutoka kaskazini ya nchi hadi Ruvuma, yakaingia Msumbiji, yakarudi, yakaishia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Hapo, Abercorn, ndipo jeshi la Wajerumani liliposalimu amri tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya vita vya Ulaya kusimama. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Mji wetu umebaki na kumbukumbu yao bila sisi kufikiri: Kariakoo, tunakokwenda kununua nyanya na vitenge, imeitwa hivyo kwa sababu ya kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale.

Basi Kleist akatoka vitani akiwa upande ulioshindwa. Hakuwa na medali ya kuonyesha. Mfalme aliyempigania alikuwa amekimbia kiti chake. Ile sanamu ya Askari ilipowekwa mwaka 1927, haikuwa kwa ajili yake, maana ilikuwa ya askari wa upande wa pili. Hebu fikirieni mtu wa namna hiyo angeweza kufanya nini. Angeweza kukaa barazani miaka 30 akihadithia mapigano, akilalamika kwamba Mjerumani hakumlipa na Mwingereza hamjui. Na angekuwa na haki ya kulalamika.

Yeye alitafuta kazi. Akaajiriwa katika reli, akajifunza lugha ya watawala wapya, akaanza kuishi kama mtu wa mji.

Sasa tuutazame mji wenyewe ulivyokuwa. Dar es Salaam ya miaka ya 1920 iligawanywa kama keki ya harusi. Wazungu walikuwa na sehemu yao ufukweni, Wahindi sehemu yao ya maduka, na Waafrika wakawekwa ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, huko Kariakoo na baadaye Ilala. Mwaka 1926 lilianzishwa Baraza la Kutunga Sheria, na ndani yake hamkuwa na Mwafrika hata mmoja. Hali hiyo iliendelea mpaka mwaka 1945. Waafrika wenyewe walikuwa na vyama vya kuzikana, vya ngoma na vya makabila, kila kabila na lake. Lakini lilipotokea jambo la kumgusa Mwafrika wa mji kama Mwafrika, hapakuwa na mahali pa kulipeleka.

Mwaka 1924 alipita hapa msomi kutoka Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, Dokta James Aggrey, aliyekuwa katika tume ya elimu ya Phelps-Stokes. Kwa masimulizi aliyoyaacha Kleist, alipata nafasi ya kuzungumza na Aggrey, na Aggrey akamhimiza kwamba Waafrika wa Tanganyika waunde chama chao. Kuna watu wengi waliowahi kupewa ushauri mzuri na mgeni mashuhuri. Mgeni akishapanda meli, ushauri nao unapanda naye. Kleist hakuuacha uondoke. Ilichukua miaka mitano, lakini mwaka 1929 African Association ikaundwa mjini Dar es Salaam. Rais wake wa kwanza alikuwa Cecil Matola, mwalimu na Mkristo. Katibu wake wa kwanza alikuwa Kleist Sykes, askari wa zamani na Mwislamu. Wawili hao, mmoja wa chaki na mmoja wa bunduki, wakakaa meza moja.

Naomba tutulie kidogo kwenye neno hilo, katibu. Rais wa chama anakaa mbele na watu wanamwona. Katibu ndiye anayeandika barua kwa serikali na kuingoja majibu. Ndiye anayekumbuka nani ametoa ada na nani amekaa miezi sita bila kutoa. Ndiye anayefika kabla ya wengine na kufunga mlango wa mwisho. Mwenye kazi hiyo hapigiwi makofi, na aghalabu hulaumiwa. Lakini mwulizeni mtu yeyote aliyewahi kuwa katika chama cha ushirika, klabu ya mpira au kamati ya shule: chama hufa siku katibu anapochoka.

Hapa ndipo naona askari alimsaidia raia. Mazoea ya jeshini si kulenga shabaha tu. Ni kufika saa iliyopangwa, kuhesabu vitu na kuviandika, kulinda mali isiyo yako, na kukaa kwenye lindo hata pale unapojua hakuna afisa anayekutazama. Kleist aliyatoa mazoea hayo kambini akayaleta mtaani. Wanachama wa African Association walichanga fedha zao na jasho lao, wakajenga nyumba ya chama New Street, mtaa ambao leo tunauita Lumumba. Mwaka 1933 Kleist alishiriki tena, pamoja na wazee wenzake kama Mzee bin Sudi, kuanzisha Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, chama kilichojenga shule ili watoto wa Kiislamu wa mjini wapate elimu ya dini pamoja na ya dunia. Haba na haba hujaza kibaba. Watu wa mishahara midogo, makuli, makarani na wauza duka, walijenga nyumba ambazo wao wenyewe wengine hawakuwahi kuzifaidi.

Msinielewe vibaya, wasikilizaji, mkadhani kwamba ilikuwa pepo. Palikuwa na ugomvi. Mwaka 1934 Erika Fiah, Mganda mwenye duka hapa mjini, aliunda chama chake kilichoshindana na African Association, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kwetu, gazeti la kwanza kumilikiwa na Mwafrika katika Tanganyika, akawa hachoki kuwasema wakubwa wa aina zote. Watu waligombea uongozi, walishutumiana, walinuniana. Hilo ndilo jambo ambalo askari yeyote anayerudi uraiani lazima alijifunze, tena ni gumu kuliko kutembea hadi Ruvuma. Kambini kuna amri. Chamani kuna kura, kuna ubishi, kuna mzee anayerudia jambo lile lile mara tatu na huwezi kumwambia "Kaa kimya!" Mwenye tabia ya amri tupu hawezi kudumu katika kamati ya mtaa hata mwezi mmoja.

Nchi yetu ililiona jambo hili kwa uchungu tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles walipoasi katika kambi ya Colito. Walikuwa na madai, na baadhi ya madai yanaweza kueleweka. Lakini walichagua kuyadai kwa bunduki mbele ya raia wasio na silaha. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo likazaliwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo halikuchaguliwa ovyo. Maana yake ni kwamba askari ni mwananchi kwanza, kisha ni askari, na atakapovua sare atabaki kuwa mwananchi.

Turudi kwa Kleist. Alifariki mwaka 1949, kabla ya kuiona bendera ya uhuru. Lakini waliosema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta hawakukosea. Katika Vita Kuu ya Pili, ambayo zaidi ya watu 80,000 wa Tanganyika waliingizwa jeshini, wanawe Abdulwahid na Ally walivaa sare ya King's African Rifles, wakapelekwa Burma. Nao waliporudi hawakukaa barazani kuhadithia. Abdulwahid aliingia katika kazi ya kuwaunganisha makuli wa bandarini baada ya mgomo wao mkubwa wa mwaka 1947. Mwaka 1950 akawa katibu wa chama kile kile cha baba yake, ambacho sasa kiliitwa Tanganyika African Association, huku rais akiwa Dokta Vedasto Kyaruzi.

Mwaka 1953 ulifanyika uchaguzi wa uongozi wa chama hicho. Mwalimu kijana kutoka shule ya Pugu, Julius Nyerere, akachaguliwa kuwa rais, na Abdulwahid Sykes akawa makamu wake. Mtoto wa mwanzilishi, askari wa Burma, mwenyeji wa mji, anakubali kukaa nafasi ya pili chini ya mgeni kutoka bara. Tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya New Street, ndipo ilipozaliwa TANU. Tunapoisoma habari hiyo vitabuni, tunasoma juu ya watu waliokuwa ndani ya chumba. Mara chache tunauliza chumba chenyewe alikijenga nani. Jibu ni kwamba kilijengwa na wanachama wa kawaida miaka mingi kabla, wakati neno uhuru lilikuwa bado halijaanza kutamkwa mikutanoni, na miongoni mwa waliokitayarisha alikuwemo askari wa jeshi lililoshindwa.

Habari hizi zingeweza kupotea. Zimebaki kwa sababu Kleist aliandika mambo yake mwenyewe, na mjukuu wake Daisy, akiwa mwanafunzi wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akayafanyia kazi. Makala yake yalichapishwa mwaka 1973 katika kitabu kilichohaririwa na John Iliffe. Na mjukuu mwingine, mwenye jina la babu yake, Kleist Sykes, alikuwa Meya wa Jiji la Dar es Salaam kati ya mwaka 2000 na 2005. Mzulu wa Inhambane aliletwa hapa kuupiga mwambao. Ukoo wake ukaishia kuutumikia mji.

Iko hadithi nyingine ambayo husimuliwa sana juu ya wale waliopigana pamoja na Kleist. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa von Lettow waliokuwa bado hai. Wazee wakajitokeza, lakini wachache tu walikuwa na vyeti. Inasimuliwa kwamba ofisa wa benki aliyeletwa kulipa akapata wazo: akampa kila mzee mti wa ufagio, akamwamuru kwa Kijerumani afanye gwaride. Inasemekana hakuna hata mmoja aliyeshindwa. Miaka karibu 50 ilikuwa imepita, mwili bado unakumbuka.

Ni hadithi ya kuchekesha, nayo inasikitisha. Mzee aliyetoa ujana wake anaulizwa mwishoni mambo ya kushika fimbo tu, kana kwamba kati ya mwaka 1918 na 1964 hakuwa akiishi. Kleist alikuwa ameshafariki. Lakini mimi nafikiri yeye aliufanya mtihani wa namna nyingine, nao ulidumu miaka 30: nyumba iliyosimama, shule iliyofundisha, daftari lililokuwa na hesabu sawa.

Sasa tujitazame sisi. Katika mitaa yetu wanaishi wazee waliopigana vita vya Kagera. Walikwenda mwishoni mwa mwaka 1978 Amin alipoivamia nchi, na Aprili 1979 wakaingia Kampala. Wengine hawakuwa askari wa kazi, walikuwa wanamgambo walioacha majembe na vyerehani. Leo ni wazee wenye mvi. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunawataja kwa heshima, tunawapa viti vya mbele na soda. Tarehe 26 tumewasahau. Tunawakumbuka tena tunapotafuta mlinzi wa kulala kwenye geti.

Nauliza: ni mitaa mingapi iliyomwomba mzee wa namna hiyo awe mweka hazina wa kamati ya shule? Ni wapi alipoulizwa namna ya kupanga watu mia mbili wakazibua mtaro kwa asubuhi moja? Tunalalamika kwamba michango ya mtaa inaliwa, kwamba mikutano haianzi kwa wakati, kwamba hakuna anayetaka kuwa katibu kwa sababu hakuna posho. Na nyumba ya tatu kutoka hapo amekaa mtu aliyefundishwa kwa gharama ya taifa kuhesabu risasi moja moja na kuzitolea taarifa.

Na kwenu nyinyi wazee wangu mliovua sare, nina neno moja, nalo nalisema kwa adabu. Msingoje kuitwa. Kleist Sykes hakuitwa na mtu. Serikali haikumpa cheo, haikumpa mshahara wa kazi ile, na wala sanamu haikuwa yake. Haki zenu zidaini, maana ni zenu, na mnaostahili kulipwa mlipwe mkiwa hai. Lakini huku mkidai, njooni mkutanoni. Mtaa hauwezi kungoja mpaka faili lipatikane.

Katika sherehe za mashujaa, pale kwenye mnara, huwekwa zana za jadi: mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na shoka. Nimeziangalia mara nyingi nikaona kwamba shoka halifanani na nyingine. Mkuki na mshale ni vya vitani na mawindoni. Shoka ni silaha, lakini pia ndilo linaloangusha mti wa kujengea nyumba. Mwenye nalo ndiye anayeamua.

Yule kijana muuza maji sikumwona tena. Nilipata jibu lake nikiwa nimeshafika nyumbani, kama kawaida ya majibu mazuri. Kama ananisikia leo, namwambia hivi: mwanangu, uliniuliza vita vilipokwisha walikwenda wapi. Wengi hawakwenda popote, mifupa yao iko njiani kutoka Tabora hadi Ruvuma. Wengine walirudi wakakaa kimya. Na wachache walirudi mjini, wakatafuta kalamu, wakaanza kuandika majina ya wanachama. Ukitaka kuona kazi yao, usitazame sanamu. Kata mtaa uende Lumumba.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa. Kwaherini.